Nafasi ya Mzee Katika Mpango wa Mji: Wataalamu na Wakaazi Wanavyopanga kwa Pamoja Mitaa ya Zamani

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Mtaa wa zamani unapotangazwa kuwa utaendelezwa upya, wananchi wengi huuliza kwanza idadi ya nyumba zitakazojengwa, upana wa barabara na tarehe ya kukamilika. Swali ambalo halisikiki mara nyingi ni iwapo mzee wa miaka 75, aliyeishi mtaani hapo tangu utotoni, ataweza kutoka mlangoni mwake, kufika msikitini, sokoni na kituo cha afya, kisha kurudi nyumbani bila kubebwa.

Jibu la swali hilo hupatikana mapema sana, wakati mpango ungali michoro mezani. Jengo likishasimama, ni vigumu na ni ghali kulitafutia nafasi ya lifti. Barabara ikishapita kati ya makaazi na soko, huwa haihamishwi tena. Makala haya yanaeleza jinsi timu za wataalamu wa fani mbalimbali zinavyoandaa mpango kabambe wa kuendeleza upya mitaa ya mji, namna mahitaji ya wazee yanavyoingizwa katika mpango huo, na hatua ambayo mwananchi anapaswa kutoa maoni yake.

Mpango kabambe na uendelezaji upya

Mpango kabambe ni dira ya muda mrefu inayoonesha matumizi ya ardhi katika eneo zima: makaazi, biashara, skuli, huduma za afya, maeneo ya wazi, barabara, mitaro ya maji ya mvua na njia za huduma nyingine. Hauchori kila nyumba, bali unaweka masharti ambayo kila nyumba itakayofuata italazimika kuyazingatia.

Uendelezaji upya ni pale mpango huo unapogusa eneo ambalo tayari lina watu, nyumba, makaburi, miti na kumbukumbu. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu zaidi. Kiwanja kitupu hakina anayehamishwa. Mtaa wa zamani una wajane wanaoishi kwa kodi ya chumba kimoja, mafundi wanaotegemea wateja wa jirani, na wazee wanaotegemea majirani kuwaletea dawa na maji.

Somo la Ng'ambo

Mji wa Zanzibar unatoa mfano mzuri wa jambo hili. Ng'ambo ilipata jina lake kwa kuwa ilikuwa upande wa pili wa hori la bahari lililoitenganisha na Mji Mkongwe. Hori hilo lilifukiwa, na sehemu yake leo ni barabara inayopita Darajani. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ilhali kwa miaka mingi Ng'ambo ilitazamwa zaidi kama eneo la kurekebishwa.

Mji huu umepangwa mara kadhaa. Kulikuwa na mpango wa mwaka 1923 na mwengine wa mwaka 1958, yote ikiandaliwa katika kipindi cha ukoloni. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ulikuja mpango wa mwaka 1968 ulioandaliwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha ule wa mwaka 1982 ulioandaliwa kwa msaada wa wataalamu wa China. Wakaazi wa Ng'ambo nao hawakukaa kimya katika historia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, na mgomo wao ulionesha kwamba suala la ardhi ya mji lilikuwa suala la haki.

Mpango wa mwaka 1968 ndio uliozaa majengo marefu ya Michenzani. Lengo lake lilikuwa kubwa: kumpa mwananchi wa kawaida, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya udongo na makuti, makaazi ya kudumu yenye maji na umeme. Ni sehemu tu ya mpango huo iliyojengwa, lakini ilitosha kubadili sura ya mji. Familia nyingi zilipata nyumba ambazo wazazi wao hawakuziota.

Hata hivyo, maisha ya ghorofani yalikuwa tofauti na maisha ya mtaani. Katika nyumba ya Kiswahili, baraza iko mbele ya mlango. Mzee hukaa hapo asubuhi, huwaona wapita njia, hutoa na kupokea salamu, huwaangalia wajukuu, na akikosekana siku moja jirani huuliza. Nyumba ikipanda juu, baraza haipandi nayo. Kwa kijana, ngazi za ghorofa tatu ni safari ya dakika moja. Kwa mwenye maumivu ya magoti, ni sababu ya kubaki ndani wiki nzima. Hivyo mtu anaweza kuwa na nyumba bora kuliko ya zamani, na bado akawa amepoteza jamii yake.

Katikati ya miaka ya 2010 njia nyengine ya kupanga ilitumika. Kupitia mradi uliopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo, idara ya Serikali inayosimamia mipango miji na vijiji Zanzibar ilishirikiana na taasisi ya African Architecture Matters na Jiji la Amsterdam la Uholanzi. Kazi hiyo ilifuata mtazamo wa mandhari ya kihistoria ya mji, uliopitishwa na UNESCO mwaka 2011, ambao unataka mpango uanze kwa kutambua thamani iliyopo kabla ya kuamua kitakachobadilishwa. Wataalamu na wakaazi walitambua kwa pamoja maeneo yenye maana kwa watu wa Ng'ambo, na matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2019 katika atlasi ya eneo hilo.

Katika kazi ya namna hii mzee huwa mtoa taarifa mkuu. Yeye ndiye anayejua kisima kilikuwa wapi, maji ya masika hupita njia gani, na kwa nini watu hukusanyika chini ya mwembe fulani na si mwengine.

Kwa nini timu, na si mtaalamu mmoja

Mpangamiji huamua matumizi ya ardhi na msongamano wa watu. Msanifu majengo hutazama umbo la nyumba na jinsi mtu anavyoingia na kutoka. Mhandisi hushughulikia barabara, maji na mitaro. Mpima na mthamini hubainisha mipaka na thamani ya mali za wananchi. Mtaalamu wa urithi hutambua majengo na maeneo ya kuhifadhiwa. Afisa ustawi wa jamii huwajua wanaoishi peke yao na wenye ulemavu. Mtaalamu wa afya hujua maradhi yanayowazuia watu kutembea.

Kila mmoja akifanya kazi peke yake, kazi nzuri ya mmoja inaweza kuharibu ya mwenziwe. Tuchukue mfano wa mhandisi anayeinua barabara ili isizame wakati wa mvua na kuchimba mtaro mpana kando yake. Kwa upande wa mafuriko amefanikiwa. Lakini mtaro huo usipofunikwa wala kuwekewa vivuko, mzee wa upande wa pili hawezi tena kwenda msikitini. Afisa ustawi wa jamii angeliona tatizo hilo siku ya kwanza, iwapo angekuwa amekaa kwenye meza ile ile.

Ndiyo maana timu ya pamoja huanza kazi kwa kutembea mtaani na wakaazi, wazee wakiwemo, kabla ya kuchora. Baada ya hapo huandaliwa mapendekezo zaidi ya moja, yakajadiliwa, yakarekebishwa, kisha mpango ukapelekwa kwenye mamlaka ili uidhinishwe.

Mji rafiki kwa wazee

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, baada ya kusikiliza wazee katika miji zaidi ya 30 duniani, Nairobi ukiwemo. Mwongozo huo unataja maeneo manane: maeneo ya nje na majengo, usafiri, makaazi, ushiriki katika shughuli za kijamii, heshima na kujumuishwa, ushiriki katika masuala ya kiraia na ajira, mawasiliano na taarifa, pamoja na misaada ya jamii na huduma za afya. Umoja wa Mataifa nao umeutangaza mwongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kuzeeka kwa afya.

Maneno hayo huwa na maana yanapogeuzwa kuwa vipimo. Mteremko wa kupandia kiti cha magurudumu hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Mlango ulioinuka sentimita 45 kutoka ardhini unahitaji mteremko wa mita 5.4. Katika kichochoro cha mita 3 nafasi hiyo haipatikani mbele ya mlango, isipokuwa mpango umeitenga mapema au umeshusha usawa wa sakafu.

Barabara nazo ni hivyo hivyo. Taa za kuvukia hupangwa mara nyingi kwa kukadiria kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, barabara ya mita 12 huvukwa kwa sekunde 10. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 15. Sekunde hizo 5 zinazokosekana humkuta akiwa bado barabarani. Suluhisho ni kuongeza muda wa taa, kupunguza upana wa kuvuka, au kuweka kisiwa cha kusimama katikati.

Mambo mengine ni ya gharama ndogo: viti vyenye kivuli kila baada ya umbali mfupi, mkono wa kushikia kwenye ngazi, vyoo vya umma vinavyofikika, taa za usiku, na kituo cha daladala kilicho karibu na kituo cha afya. Mwenye kunufaika si mzee pekee. Mama mjamzito, mtoto, mtu mwenye ulemavu na mchukuzi wa mizigo hutumia njia hiyo hiyo.

Mzee anapolazimika kuhama

Jambo zito kuliko yote katika uendelezaji upya ni uhamisho. Kijana akihamishwa kwa miaka mitatu huhesabu atakaporudi. Mwenye miaka 80 hana uhakika huo. Kwa sababu hiyo, mpango unaojali wazee hujenga kwa awamu, ili watu wahame hatua chache kutoka nyumba ya zamani hadi mpya, na hutenga sakafu ya chini kwa wazee na watu wenye ulemavu. Pia huwahamisha majirani kwa pamoja, kwa kuwa jirani ndiye huduma ya kwanza ya mzee.

Kwa upande wa Tanzania Bara, mradi wa Magomeni Kota jijini Dar es Salaam ni mfano wa wakaazi wa zamani kurejeshwa katika eneo lao. Makaazi ya zamani yalivunjwa, wakaazi wakaishi kwengine kwa miaka kadhaa, na majengo mapya yenye nyumba za kaya 644 yakazinduliwa mwezi Machi 2022. Urefu wa kipindi cha kusubiri unaonesha kwa nini ratiba, kwa mtazamo wa mzee, ni sehemu ya mpango na si suala la mkandarasi peke yake.

Kipato pia kina nafasi yake. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kwa kiwango cha kuanzia cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo humsaidia mzee iwapo anaweza kufika mahali pa kuipokea na mahali pa kuitumia. Nyumba mpya yenye gharama kubwa za maji, umeme na matengenezo ya lifti inaweza kuila yote. Gharama za kuishi baada ya ujenzi, kwa hivyo, zinapaswa kukadiriwa ndani ya mpango.

Wajibu wa mwananchi

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji kukutana na wadau wakati wa kuandaa mpango kabambe. Kwa Zanzibar, ofisi ya Sheha ni mahali pa kuanzia kwa mwananchi anayetaka kujua mpango unaohusu mtaa wake.

Mkutano unapoitishwa, mwananchi anashauriwa kuhudhuria mapema, kabla michoro haijakamilika, na kuuliza yafuatayo:

Je, wazee na watu wenye ulemavu wa mtaa huu wameorodheshwa, na wametembelewa majumbani?

Watakaohama watakwenda wapi, kwa muda gani, na ni maandishi gani yanayothibitisha haki yao ya kurudi?

Nani atapewa sakafu ya chini, na kwa utaratibu upi?

Lifti zikiwekwa, nani atalipia matengenezo yake, na umeme ukikatika itakuwaje?

Msikiti, soko, kituo cha afya na kituo cha daladala vitakuwa umbali gani, na njiani kuna pa kupumzikia?

Gari la wagonjwa na gari la zimamoto litafika kwenye kila mlango?

Familia nazo zina wajibu. Mzee asiyeweza kufika mkutanoni apelekwe, au maoni yake yaandikwe na kuwasilishwa. Wataalamu wanaweza kupima upana wa njia na kimo cha ngazi, lakini ni mzee mwenyewe anayejua ni kwenye ngazi ya ngapi hulazimika kusimama. Taarifa hiyo ikifika mezani mapema, ngazi inaweza kuondolewa kwa kalamu tu.