Kinachomaliza betri ya gari usiku husakwa kwa kipimo, si kwa kubahatisha

GARI limeegeshwa Ijumaa jioni likiwa zima. Jumatatu alfajiri mwenyewe anageuza ufunguo, anasikia mlio mmoja hafifu, kisha kimya. Kulisukuma hakusaidii, kwa kuwa ni gari la gia otomatiki. Jirani anaombwa alete lake, nyaya nyekundu na nyeusi zinaunganishwa, injini inanguruma na safari ya kazini inaanza kwa kuchelewa. Baada ya siku chache hali inajirudia.

Hapo ndipo wengi hukata shauri la kununua betri mpya. Kwa muda mambo huwa shwari, kwa sababu betri mpya ina nguvu za kutosha kuuficha ugonjwa. Kisha nayo huanza kuzimika. Ukweli ni kwamba mara nyingi betri si mkosaji, bali ni mhanga. Kuna kitu ndani ya gari kinachoendelea kula umeme milango ikiwa imefungwa, na kitu hicho hakikuondoka pamoja na betri kuukuu.

Kila gari la kisasa hutumia umeme kidogo hata likiwa limelala. Saa, king'ora, kumbukumbu ya redio na kompyuta ya injini huhitaji kuwa macho. Kwa magari mengi, matumizi hayo hayapaswi kuzidi miliampea 50. Kwa kiwango hicho, betri yenye ujazo wa ampea-saa 45 hupoteza takriban ampea-saa 1.2 kwa siku, hivyo gari linaweza kukaa wiki mbili na bado likawaka.

Hesabu hubadilika pale taa ya buti yenye wati 5 inaposahauliwa au swichi yake inapoharibika. Taa hiyo hula takriban ampea 0.4. Kuanzia saa 12 jioni ya Ijumaa hadi saa 12 asubuhi ya Jumatatu ni saa 60, na katika muda huo taa hiyo ndogo humeza takriban ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri nzima. Umeme unaobaki huweza kuwasha taa za dashibodi, lakini hautoshi kuzungusha stata.

Hasara haiishii hapo. Betri ya gari hutengenezwa kwa risasi na tindikali, na haikuundwa kumalizwa kabisa kisha kujazwa upya. Kila inapokaa bila umeme, chembe za chumvi ya risasi huganda juu ya bamba zake na kupunguza uwezo wake wa kuhifadhi umeme. Kwa njia hiyo betri ambayo ingedumu miaka kadhaa huweza kufa ndani ya miezi michache, hasa katika miji yenye joto kama Dar es Salaam na Mombasa, kwani joto nalo huizeesha betri haraka.

Msako wa kweli huanza kwa kuhakikisha kwamba tatizo haliko kwenye betri yenyewe. Betri iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwa inaunguruma, kipimo kwa kawaida hupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5, ishara kwamba altaneta inachaji. Kisha betri ijazwe, waya wake wa hasi uondolewe, na iachwe hivyo usiku mmoja. Ikiwa asubuhi imeshuka sana ilhali haikuunganishwa na chochote, betri ndiyo mgonjwa. Ikiwa imebaki na nguvu zake, mwizi yumo ndani ya gari.

Hatua ya pili ni kupima kiasi kinachoibwa. Kinachohitajika ni multimita, kifaa kinachopatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya umeme. Kila kitu ndani ya gari huzimwa na milango hufungwa. Waya wa hasi hufunguliwa, na multimita iliyowekwa kwenye kipimo cha ampea 10 huunganishwa kati ya waya huo na kichwa cha hasi cha betri, ili umeme wote unaotumika upitie ndani yake. Ni mwiko kuwasha injini wakati kifaa kiko hapo, kwani stata huvuta umeme mwingi mno na itakiunguza.

Hapa ndipo mafundi wenye haraka hukosea. Gari likishafungwa, kompyuta zake hazilali papo hapo. Baadhi huchukua dakika chache, nyingine nusu saa au zaidi. Anayesoma kipimo mapema ataona ampea kadhaa na kudhani amemkamata mwizi, kumbe gari halijasinzia. Ufunguo wa kisasa unaotambuliwa na gari kwa mbali nao uwekwe mbali, usije ukaliamsha.

Ikiwa baada ya kusubiri kipimo kinabaki juu, mathalani miliampea 400, fyuzi huanza kuchomolewa moja baada ya nyingine, katika boksi lililo chini ya dashibodi na lile lililo chini ya boneti. Fyuzi ambayo ikitolewa kipimo huporomoka hadi miliampea 30 ndiyo inayoonyesha njia anayopitia mwizi. Kwa magari yaliyoagizwa Japani, maelezo kwenye kifuniko cha boksi mara nyingi huwa ya Kijapani, hivyo ni busara kupiga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Kinachofuata ni kukagua kila kifaa kinachohudumiwa na fyuzi hiyo: taa, redio, relei iliyonata au swichi ya mlango.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika magari mengi ya Afrika Mashariki, kinachokula umeme ni kile ambacho mwenye gari alikilipia kifungwe. Redio za magari kutoka Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia megahezi 76, na nyingi huishia 90, wakati stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo. Kwa sababu hiyo wengi hubadilisha redio au hufunga kifaa cha kubadili masafa. Redio ya kubadilisha kwa kawaida huwa na nyaya mbili za umeme, wa njano kwa ajili ya kumbukumbu na mwekundu unaopaswa kupata umeme kwa ufunguo tu. Fundi akiziunga zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio huonekana imezimwa lakini hailali.

Ving'ora na vifaa vya kufuatilia gari huleta mtihani mkubwa zaidi, kwani wakati mwingine huungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia boksi la fyuzi. Fyuzi zote zaweza kuchomolewa na kipimo kisitetereke. Hali hiyo ikitokea, nyaya zote zilizoongezwa kwenye vichwa vya betri zifuatwe hadi mwisho wake. Altaneta nayo isiachwe nje ya msako, kwa sababu diodi yake ikiharibika huruhusu umeme kurudi nyuma usiku kucha, hata kama mchana inachaji.

Wapo wanaofungua waya wa betri kila jioni. Mbinu hiyo huokoa asubuhi moja, lakini haitibu chochote, na katika baadhi ya magari hufuta kumbukumbu za redio na kompyuta. Hatari zaidi ni kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, au kuziba nafasi yake kwa kipande cha waya. Huo ni mwaliko wa moto.

Kubadilisha betri ovyo pia kuna gharama nje ya mfuko wa mwenye gari. Risasi iliyomo ni sumu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika na risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Kila betri inayotupwa kabla ya wakati huongeza mzigo huo.

Kwa asiyeweza kufanya msako mwenyewe, swali moja kwa fundi linatosha: kipimo kilisoma miliampea ngapi kabla ya matengenezo, na ngapi baada yake? Fundi mwenye majibu mawili amemkamata mwizi. Asiye nayo anauza betri.