Bahari Ikipata Joto, Mbu Huanguliwa Udongoni

Leo tunazungumzia mvua kubwa na Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia. Hapa Kenya ulitambuliwa mwaka wa 1931 kwa kondoo wa Bonde la Ufa.

Pengine unajiuliza, mafuriko ya Garissa yanahusiana vipi na bahari iliyo mbali? Miaka mingine, maji ya Bahari Hindi upande wetu hupata joto kuliko kawaida. Maji hayo hutoa mvuke mwingi, nao hutuletea mvua za vuli zilizopita kiasi, kama mwaka wa 1997, 2006, 2019 na 2023.

Hayo ni maumbile, lakini binadamu naye anachangia. Tukichoma mafuta na makaa ya mawe na kukata misitu, gesi ya kaboni huongezeka angani na kuzuia joto lisitoke. Zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada huingia baharini. Tena, ardhi isiyo na miti hainyonyi maji vizuri, kwa hivyo mafuriko huzidi.

Sasa tuutazame udongo. Kuna mbu wanaotaga mayai katika udongo wa mabonde yanayotuama maji. Mayai hayo, mengine yakiwa na virusi tayari, hukaa makavu kwa miaka bila kufa. Mafuriko yakija, huanguliwa kwa wingi. Mbu huuma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mimba hutoka na wachanga hufa. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya.

Mama, ugonjwa huu huingia nyumbani kupitia damu ya mnyama mgonjwa, nyama yake, maziwa mabichi, au kuumwa na mbu. Kwa hivyo:

- Chemsha maziwa kabla ya kumpa mtoto.
- Usichinje wala kula mnyama mgonjwa au aliyekufa mwenyewe.
- Usiguse mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Watoto wakae mbali. Mwite afisa wa mifugo.
- Pika nyama mpaka iive kabisa.
- Laleni ndani ya neti, na mjikinge na mbu mchana pia.

Mtu akipata homa kali, akitokwa na damu puani au kwenye ufizi, au akianza kutoona vizuri, mpeleke hospitalini mara moja. Mweleze daktari kama amekuwa karibu na mifugo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba bahari hupata joto kabla ya mvua kufika. Ukisikia redioni kwamba mvua kubwa inakuja, usingoje mafuriko. Muulize afisa wa mifugo kuhusu chanjo mapema, maana hufaa kabla ugonjwa haujaingia. Watu hawana chanjo hiyo bado. Ngao yako ni sufuria, neti na tahadhari.

Kinga ni bora kuliko tiba.