Kabla Hujalipia Jina: Bourbon na Wiski Nyingine kwa Mwanachuo

Bumu likiingia, meza za baa zilizo jirani na chuo hubadilika. Wiki iliyopita zilikuwa na bia mbili za kugawana. Wiki hii kuna chupa kubwa ya wiski katikati, lebo imegeuzwa kuelekea njiani ili kila anayepita aione. Inachanganywa na soda, inaisha ndani ya saa moja, na kesho ukiuliza ilikuwa na ladha gani unajibiwa, "Ilikuwa kali, bana." Kwa pesa ile, mimi naona tunajiibia wenyewe.

Nasoma sayansi ya chakula, na likizo mbili nimefanya kazi kaunta ya hoteli moja mjini, kwa hiyo vinywaji hivi nimekutana navyo darasani na kazini. Wenzangu msiokunywa, kwa imani au kwa hiari, msifunge ukurasa: humu kuna kemia, sheria, na habari za mtu mweusi mmoja ambaye jina lake lilikaa muda mrefu nje ya lebo.

Yote huanza kama uji

Wiski yoyote ni nafaka. Inasagwa, inapikwa na maji, inatiwa kimea ili wanga ugeuke sukari, halafu hamira inaigeuza sukari kuwa kileo. Mchanganyiko huo unachemshwa kwenye mtambo, mvuke wake unapozwa, na kinachodondoka ni pombe kali isiyo na rangi. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa anaijua hatua hii. Bourbon nayo ikitoka mtamboni ni nyeupe kama maji, na zaidi ya nusu ya nafaka yake ni mahindi, yaleyale ya ugali wetu. Kinachoitenganisha na gongo ni vipimo, pipa na sheria.

Sheria ya Marekani inasema hivi: bourbon itengenezwe Marekani, nafaka yake iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikae kwenye chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichounguzwa ndani kwa moto, na isitiwe kitu kingine chochote isipokuwa maji. Wengi hudhani lazima itoke Kentucky. Hapana, jimbo lolote linaruhusiwa, ingawa Kentucky ndiyo nyumbani kwake. Ukiona neno "straight", ujue imekaa kwenye pipa angalau miaka 2.

Rangi yote ya bourbon, basi, inatoka kwenye mti. Moto ukiunguza ubao, sehemu ya mbao huvunjika na kutoa vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Sukari zilizomo kwenye mti nazo huungua kidogo, ndipo unapata ile harufu ya sukari guru.

Sasa, kwa kuwa bourbon inadai pipa jipya kila mara, mapipa yaliyotumika yanakwenda wapi? Mengi yanavuka bahari hadi Scotland na Ireland. Yaani Waskoti wanatumia mapipa ya mtumba, na hawaoni aibu! Pipa lililotumika halina nguvu nyingi iliyobaki, kwa hiyo wiski ya Scotland huonyesha zaidi ladha ya nafaka yenyewe. Huko sheria inataka ikae kwenye mwaloni angalau miaka 3, na inaruhusu rangi ya karameli. Kwa hiyo weusi wa kinywaji usikudanganye kuhusu umri wake.

Umri wenyewe nao una utata. Kentucky kiangazi chake ni cha joto kali, na joto husukuma pombe ndani ya ubao. Scotland ni baridi, kazi inakwenda polepole, na kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo kwenye pipa hupotea hewani; wenyewe huita fungu la malaika. Miaka 12 ya Scotland na miaka 6 ya Kentucky si namba za kushindanisha.

Mtu nyuma ya chupa ya mraba

Jack Daniel's inatimiza karibu kila sharti la bourbon, lakini yenyewe hujiita wiski ya Tennessee. Kabla ya kuingia kwenye pipa hudondoshwa taratibu kupitia karibu mita 3 za mkaa wa mti wa mepo, na hilo huipunguza ukali.

Katikati ya karne ya 19, huko Lynchburg, Tennessee, mchungaji mmoja aitwaye Dan Call alikuwa na mtambo. Fundi wake alikuwa Nathan Green, aliyejulikana kama Nearest, naye alikuwa mtumwa. Kijana Jack Daniel alijifunza kazi kwa Green. Baada ya utumwa kufutwa, Jack akafungua kiwanda chake na Green akawa fundi mkuu wake wa kwanza. Kampuni ilianza kuitangaza habari hii kwa sauti mwaka 2016 tu, ilipokuwa ikisherehekea miaka 150. Mwaka 2017 ikaingia sokoni wiski yenye jina la Uncle Nearest, iliyoanzishwa na mwanamke mweusi, Fawn Weaver. Ujuzi wa mtumwa uliuzwa dunia nzima kwa jina la mwanafunzi wake. Ukiiona ile chupa ya mraba mezani, watajie wenzako jina la Green.

Jinsi ya kulinganisha

Ladha ya kinywaji kimoja ni ngumu kuieleza. Weka viwili pamoja, ulimi utaona tofauti wenyewe. Kwa hiyo badala ya kuchanga chupa, changeni toti tatu tofauti na mgawane. Anzeni na Maker's Mark, bourbon inayotumia ngano pamoja na mahindi: laini, tamu. Fuatisheni Wild Turkey 101, ambayo badala ya ngano ina rai, nafaka ndugu wa ngano yenye ladha kama ya pilipili manga. Hiyo ina kileo cha asilimia 50.5, ogopeni kidogo. Malizieni na Laphroaig ya kisiwa cha Islay, Scotland, ambako kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa mboji. Mtu wa kwanza atasema inanuka dawa ya hospitali. Wa pili ataipenda maisha yake yote. Kama bei hairuhusu, Jameson ya Ireland na Jack Daniel's zinatosha kufundisha.

Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo. Onja kiasi cha kulowesha ulimi, usimeze haraka. Kisha tia matone machache ya maji na unuse tena. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji husaidia guayakoli, kemikali yenye harufu ya moshi, kupanda juu ya kinywaji, karibu na pua. Barafu nyingi hufanya kinyume: baridi huficha harufu. Na mle kwanza, jamani. Toti moja kwa nusu saa haimpunguzii mtu heshima.

Lebo ni mkataba

Zamani Marekani nako walichakachua. Wafanyabiashara walichukua pombe mbichi, wakaitia rangi hata kwa tumbaku, wakaiuza kama wiski iliyokomaa. Ndipo mwaka 1897 ikapitishwa sheria ya "Bottled in Bond": pombe ya kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka isiyopungua 4 chini ya usimamizi wa serikali, na kileo asilimia 50 kamili. Maneno hayo bado yapo kwenye baadhi ya chupa, na mara nyingi si zile za bei ya juu kabisa.

Hapa kwetu ulinzi wako wa kwanza ni stempu ya kielektroniki ya TRA, inayoweza kukaguliwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Ikaguliwe kabla kizibo hakijafunguliwa. Chupa ya jina kubwa inayouzwa bei chee nyuma ya duka inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha, huua. Mhudumu akikataa kukuonyesha chupa aliyomiminia toti yako, lipa soda yako uondoke.