Kanisa la Wafungwa Lililonifunga Mdomo

Ndugu msomaji, sisi wa Nkuhungu hatushangai nchi kavu. Vumbi na miiba ndiyo yetu. Kwa hiyo lori nililokuwa utingo wake lilipoteremka Bonde la Ufa, kutoka Nairobi kwenda Naivasha, nilikuwa nasinzia zangu.

Kufika Mai Mahiu, dereva akasimama. "Dogo, shuka uone."

Bwana wee! Kando ya barabara, mgongo kwenye mlima, kuna kanisa la mawe dogo kama chumba cha kupanga. Mbele yake bonde kavu, na kule mbali mlima Longonot.

Dereva akaniambia lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kitaliano. Waingereza waliwateka wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakawaleta Kenya, wakawatia kwenye kazi ya barabara hii hii. Katikati ya sulubu ile, wakajenga mahali pa kusali.

Nikashika ukuta. Kila jiwe limekaa. Nikamkumbuka baba, fundi mwashi. Siku natoka nyumbani tuliachana kwa maneno: nilimwambia kazi yake ya kitumwa, sibebi tofali tena. Wale walifanyishwa kazi kweli, tena ugenini, na bado hawakulipua.

Niliporudi Nkuhungu sikuwa na hotuba. Nilichukua beleshi, nikaanza kukoroga udongo. Mzee akanitazama weee, kisha akasema:

"Ongeza maji kidogo."

Msomaji, ukipita njia ile, simama.