Dhahabu ya Mchezoni, Jasho la Kweli

Ndugu msomaji, usimcheke mtu aketiye kutwa mbele ya kompyuta akiua majoka ya kubuni. Huenda anawatafutia wanawe unga.

Katika RuneScape, mchezo ulioanzishwa Uingereza mwaka 2001, sarafu za dhahabu hupatikana kwa kazi. Mchezaji huvua samaki, hukata miti, au huua joka la kijani na kuwauzia wenzake mifupa na ngozi yake. Sarafu hizo hazishikiki mkononi. Hata hivyo, wenye fedha wasiopenda kutaabika huzinunua kwa dola.

Thamani ya fedha ya Venezuela ilipoporomoka, hasa kuanzia mwaka 2017, mshahara wa mwezi haukukidhi hata chakula. Ndipo wananchi wengi wakageukia majoka hayo, wakauza dhahabu yake na kununua mahitaji ya nyumbani. Machi 2019 umeme ulipokatika karibu nchi nzima kwa siku kadhaa, riziki hiyo nayo ilizimika.

Tena, kanuni za mchezo zinakataza biashara hiyo. Anayebainika hufungiwa akaunti, na jasho la miezi likapotea. Hana mkataba, wala hana pa kushtaki.

Basi mzazi, kijana wako akikuambia kuwa mchezoni mna fedha, usimkaripie wala usimsifu upesi. Mwulize: mnunuzi ni nani? Kanuni zasemaje? Na siku utakapofungiwa, jasho lako utamdai nani?