Chumvi Haishiki Rangi

Mimea vamizi ya Afrika Mashariki huwapa mafundi wa ususi na nguo malighafi za aina mbili: nyuzi na rangi. Nyuzi hutoka hasa kwenye gugumaji la Ziwa Victoria. Bua lake limejaa maji na hewa, na kilo 100 zilizovunwa zikianikwa vizuri hazibaki zaidi ya kilo 10. Mabua makavu husukwa kama ukili, yakawa vikapu, mikeka na viti. Kusokota uzi wa nguo ni kazi nyingine kabisa: nyuzi za gugumaji ni fupi na dhaifu, hivyo huchanganywa na pamba. Rangi hutafutwa kwingine. Majani ya lantana hutoa njano. Magome ya muwati, mti wa Australia uliopandwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania kwa ajili ya tanini ya kutengenezea ngozi, hutoa kahawia.

Kila rangi hizi zinapotajwa huulizwa swali lilelile: nguo itiwe chumvi na siki kiasi gani ili isichuje? Jibu ni sifuri.

Rangi nyingi za mimea hazina mshiko juu ya pamba. Zinahitaji kiungo, yaani madini yanayoweza kukamata uzi upande mmoja na rangi upande wa pili. Alumini iliyomo katika shabu hufanya kazi hiyo, na chuma vilevile. Sodiamu ya chumvi haijengi kiungo cha namna hiyo. Huyeyuka, hukaa majini, na humwagwa pamoja na maji ya kusuuzia. Kitambaa kikilala kwenye maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi huwa kitambaa chenye chumvi, basi.

Imani kwamba chumvi hushika rangi imehama kutoka kwenye rangi za dukani. Baadhi ya rangi za viwandani za kutia pamba hukataana kidogo na uzi ndani ya maji. Chumvi hupunguza ukinzani huo, rangi ikasogea kwenye kitambaa. Hata huko chumvi husukuma tu, haifungi. Siki nayo imetoka kwenye rangi za viwandani za sufu na hariri, ambazo hutaka maji yenye asidi. Pamba si sufu. Mahali ambapo siki ina kazi ya maana kwa pamba ni kwenye chombo cha misumari yenye kutu, ambako huyeyusha chuma. Hapo kinachoshika rangi ni chuma.

Hoja ya mwisho ya watetezi wa chumvi ni nguo ya muwati iliyotiwa chumvi na isichuje. Ni kweli haikuchuja, na isingechuja hata bila chumvi: tanini hung'ang'ania pamba yenyewe. Kazi imefanywa na gome, sifa imepewa chumvi. Kwa upande mwingine yapo matunda ya dungusi kakati iliyoenea Laikipia, yenye maji ya zambarau ya kuvutia. Rangi hiyo ni ya jamii moja na ile ya kiazisukari chekundu cha saladi. Hupauka kwa jua na joto, na si chumvi wala shabu itakayoiokoa. Anayebisha akate vipande viwili vya kitambaa, kimoja akitie chumvi na kingine shabu, avitie rangi ya lantana, avifue kwa sabuni mara tano, kisha avilinganishe.

Utaratibu unaofanya kazi ni mfupi. Kwa kilo 1 ya marekani: chemsha kitambaa saa 1 kwa magadi na sabuni ili wanga na mafuta vitoke. Suuza. Loweka usiku kucha kwenye maji ya magome ya muwati yaliyochemshwa. Njano ya lantana itaegemea kahawia kidogo, na hakuna ubaya. Kamua. Yeyusha gramu 150 hadi 200 za shabu katika maji ya moto, loweka tena usiku kucha, suuza. Chemsha kilo 2 za majani ya lantana saa 1, chuja, tumbukiza kitambaa, acha moto mdogo saa 1, kipoe humohumo. Ukitaka rangi ya zeituni, ongeza maji ya ile misumari yenye kutu kijiko kimoja kimoja. Yakizidi hula uzi. Sufuria ya rangi isirudi jikoni.

Gugu karoti, mmea vamizi mwingine, lisiguswe kwa kazi hii, maana huwasha ngozi na kubana kifua. Majani ya lantana yaliyobaki yasitupwe penye mifugo, kwa kuwa ni sumu kwao. Gugumaji lisisafirishwe bichi kwenda penye bwawa au mto, kwani kipande kimoja kinatosha kuota upya. Uvunaji wote ufanyike kabla ya mbegu kukomaa. Na lantana ikiisha shambani, isipandwe nyingine kwa ajili ya rangi.