Kupachika Pambo la Kufumwa Kwenye Fulana: Somo la Vipimo

Katika sehemu zenye baridi, kama vile Njombe na Lushoto, fulana nzito ya mikono mirefu ni vazi la kila siku la mtoto. Aghalabu hununuliwa ikiwa imekwisha kushonwa, nayo haina pambo lolote. Shule yenye mashine ya kufumia masweta, au iliyo jirani na fundi mwenye mashine hiyo, yaweza kuwafundisha wanafunzi kufuma kipande chenye mapambo na kukipachika kifuani pa fulana hiyo. Katika makala hii tunakusudia kueleza namna ya kuifundisha kazi hiyo, na kuonyesha kwa nini hesabu yapasa kuutangulia uzi.

Yafaa tukumbuke kwamba fulana ni mali ya mzazi. Ikiharibika darasani, mtoto hupata hasara nyumbani, na mwalimu hupoteza imani ya wazazi. Kwa sababu hiyo twashauri kwamba wanafunzi wa shule ya msingi wasikate fulana ili kuingiza kipande ndani yake, bali wakishone juu yake. Kilichoshonwa juu chaweza kufumuliwa, kilichokatwa hakirudi.

Asili ya vitambaa viwili

Fulana yenyewe pia imefumwa. Mwanafunzi akiitazama kwa makini ataona vitanzi vidogo sana. Kanuni ni ile iliyobuniwa na William Lee nchini Uingereza mwaka 1589: kila kitanzi kina sindano yake, na safu nzima hufumwa kwa pamoja. Hivyo vitambaa vyote viwili huvutika, lakini havivutiki sawasawa. Aidha, fulana ya pamba yaweza kunywea ifuliwapo, na sufu hunywea sana katika maji ya moto. Basi fulana ifuliwe na kukaushwa kabla ya kupimwa.

Kipande cha majaribio

Wanafunzi wafume kwanza kipande kidogo chenye vitanzi 40 na safu 60, kwa uzi ule ule na kwa nakshi ile ile itakayotumika. Nakshi ya rangi mbili huacha nyuzi zinazopita mgongoni mwa kitambaa, nazo hukizuia kisivutike kama kitambaa cha rangi moja. Kipande cha rangi moja, basi, hakiwezi kutoa kipimo cha nakshi ya rangi mbili.

Kipande kifuliwe, kilazwe mezani bila kuvutwa, na kiachwe kikauke. Kisha vitiwe alama vitanzi 30 vya katikati na safu 40 za katikati, vipimwe kwa rula. Kingo zisipimwe, kwa kuwa hujikunja. Tuseme kwamba vitanzi 30 vimetoa upana wa sentimita 10, na safu 40 zimetoa urefu wa sentimita 10. Maana yake ni vitanzi 3 na safu 4 kwa kila sentimita.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwalimu awape wanafunzi daftari la miraba, wachore pambo la mraba lenye miraba 30 kwa 30, kisha awaulize litakuwa na vipimo gani likifumwa. Asiwape jibu. Wakikokotoa wenyewe wataona kwamba upana utakuwa sentimita 10, lakini urefu utakuwa sentimita 7.5 tu. Kitanzi si mraba. Ni kipana kuliko urefu wake. Mtoto aliyechora ua la duara atapata ua lililobonyea, asipoongeza safu.

Hesabu ya kipande chenyewe

Ikiwa twahitaji kipande cha upana wa sentimita 24 na urefu wa sentimita 18, hesabu itakuwa hivi:

Upana: 24 × 3 = vitanzi 72. Tukiongeza 2 kila upande kwa ajili ya upindo, tunapata vitanzi 76.

Urefu: 18 × 4 = safu 72. Tukiongeza 4 juu na 4 chini, tunapata safu 80.

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila uzi una vipimo vyake, na kila darasa litafute vya kwake.

Kupachika

1. Fulana ikunjwe katikati kwa urefu, mstari wa kati utiwe alama kwa chaki.

2. Kadibodi iingizwe ndani ya fulana, ili sehemu ya mbele isishonwe pamoja na mgongo.

3. Kipande kilazwe kifuani, mbali na shingo na pindo la chini, kwa kuwa sehemu hizo lazima zivutike mtoto anapovaa. Kibanwe kwa pini kuanzia katikati kuelekea pembeni, kisha kipigwe bandi.

4. Kishonwe kwa mkono kwa mishono midogo iliyolegea kidogo, au kwa cherehani yenye mshono wa zigizaga. Mshono ulionyooka wa cherehani hukatika kitambaa kinapovutika.

5. Uzi wa akriliki usipigwe pasi ya moto, kwani hulegea na kupoteza umbo.

Nyuzi za mgongoni zitafichwa na fulana, wala hazitanasa vidole vya mtoto.

Mpango wa darasa

Mashine ni moja na watoto ni wengi. Tugawe makundi manne: la kuchora, la kukokotoa, la kufuma na la kushona, nayo yabadilishane. Kundi la kufuma lisimamiwe na mwalimu daima, na kigari cha mashine kisilazimishwe kinapokwama katikati ya safu.

Kazi ikipimwa, alama zisitolewe kwa uzuri wa pambo peke yake. Mwanafunzi aulizwe: ulijuaje kwamba vinahitajika vitanzi 76? Akieleza sawasawa, somo limeingia, hata kama ua lake halikupendeza.